Njia Haipitiki: Historia ya Kusema Uwezo katika Nchi ya Mpanda na Katavi

Kila lugha ina namna yake ya kusema kwamba mtu aweza kutenda jambo fulani au hawezi, na namna hiyo si mambo ya sarufi peke yake. Ndani yake mna mawazo ya watu juu ya mahali uwezo ukaapo. Je, u ndani ya mtu atendaye, au u ndani ya kitu kitendwacho, au u mkononi mwa mkubwa atoaye ruhusa? Kiingereza kimekusanya mengi ya hayo katika neno moja fupi, yaani "can". Neno hilo husimama mbele ya kitenzi bila kubadilika kwa nafsi, na ikiwa kitenzi chataka kihusishi, kihusishi hicho hufuata nyuma. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kimegawa kazi hiyo mafungu matatu: fungu moja limewekwa katika kitenzi "kuweza", la pili katika "kujua", na la tatu katika kiungo kidogo cha "-ika" au "-eka", ambacho huingia tumboni mwa kitenzi chenyewe. Kwa hiyo kila mara neno la Kiingereza litafsiriwapo, mfasiri hana budi kuchagua, na uchaguzi wake huamua kosa au sifa itamwangukia nani.

Nchi ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi, yafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili. Wenyeji wake wa zamani, Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Warungwa, wana lugha zao za Kibantu. Kiswahili kiliwafikia katika karne ya 19 kwa misafara ya biashara iliyokwenda kati ya Unyanyembe na Ziwa Tanganyika. Kifaransa kilikuja na mapadre wa Karema, Kijerumani kikaja na utawala wa Wajerumani, Kiingereza kikaja na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kirundi kikaja na wakimbizi wa mwaka 1972. Nchi chache zimepata kusikia watu wengi namna hiyo wakisema "naweza" na "siwezi" kwa ndimi mbalimbali. Tena historia ya nchi hii tangu zamani imekuwa historia ya maswali mawili: njia yapitika au haipitiki, na mahali pakalika au hapakaliki.

Katika Kiswahili cha kale cha pwani, "kuweza" lilikuwa kwanza neno la nguvu. Mtu alisema "mzigo huu siuwezi", yaani nguvu zake hazikuutosha, au "mtoto huyu simwezi", yaani amemshinda kwa utundu. Katika maneno hayo kitenzi kimeshika mtendwa wake moja kwa moja, kama vile kitenzi cha kupiga au cha kubeba. Neno "can" la Kiingereza halikubali hivyo hata kidogo. Halishiki mtendwa, wala halisimami peke yake isipokuwa kitenzi kingine kimekwisha tajwa. Mwingereza atakaye kusema "simwezi" hulazimika kuliacha neno lake la uwezo na kutafuta kitenzi kingine, na mara nyingi kitenzi hicho huja na kihusishi, kama "cope with".

Maana ya pili ya "kuweza" ilikuwa afya. Mtu aliyesema "siwezi", asitaje kitenzi kingine, alieleweka kuwa mgonjwa. Na aliyesema "siwezi kichwa" alikuwa anaumwa kichwa. Askofu Edward Steere aliandika matumizi hayo katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, kilichotolewa mwaka 1870, na wanakamusi waliomfuata waliyaweka vilevile. Fikira iliyomo ni ile ile ya nguvu: mgonjwa ni mtu ambaye nguvu zake zimepungua hata hahitaji kueleza ni jambo gani asiloliweza. Mgeni aliyejifunza kwamba "hawezi" ndilo neno la Kiingereza "cannot" alibaki akingoja kusikia mwisho wa maneno, na mwisho haukuja.

Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, matumizi hayo hayakuwa jambo la vitabu. Kituo cha Karema kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 kikatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika hapo Adrien Atiman, Mwafrika aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadre hao na kusomeshwa utabibu huko Malta. Atiman aliwatibu watu wa Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956, muda unaopita miaka 60. Tabibu wa namna hiyo, aliyetoka nchi ya mbali na kufanya kazi yake kwa lugha za watu, hana budi kujua tofauti ya mtu asemaye "siwezi" na mtu asemaye "siwezi kutembea". Wa kwanza ataja hali ya mwili wake wote. Wa pili ataja kazi moja iliyomshinda. Kiingereza huwatenga watu hao wawili kwa maneno yasiyohusiana kabisa. Kiswahili cha kale kiliwaweka katika neno moja, na ukamilifu wa sentensi ndio uliotenga maana.

Fungu la pili ni la "kujua". Mswahili husema "ajua kuogelea" kwa mtu aliyejifunza, na "hawezi kuogelea leo" kwa mtu ambaye mkono wake umevunjika. Elimu ya mtu haikupungua. Nguvu ndizo zilizopungua. Mapadre wa Karema, ambao wengi wao walikuwa wasemaji wa Kifaransa, hawakuona taabu katika jambo hili, kwa sababu Kifaransa nacho hutenga elimu na nguvu: "savoir" ni kujua namna ya kutenda, na "pouvoir" ni kuwa na nguvu au nafasi ya kutenda. Waingereza waliokuja baadaye ndio waliokuta mlango usiolingana na ufunguo wao, maana "can" husemwa kwa yote mawili, kwa aliyejifunza kuogelea na kwa mwenye nafasi ya kuogelea leo.

Lakini zamani Kiingereza hakikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha kale asili ya "can" ilikuwa kitenzi chenye maana ya kujua, na uwezo wa nguvu ulisemwa kwa kitenzi kingine, ambacho ndicho kilichozaa neno "may". Karne zilipopita, neno la kujua likasogea likachukua mahali pa neno la nguvu, na neno la nguvu likasukumwa kuwa neno la ruhusa na la mambo yasiyo na hakika. Historia hiyo yafaa kukumbukwa, kwa kuwa yaonyesha kwamba neno la uwezo halitulii mahali pamoja. Huanza katika mwili au katika akili ya mtu, kisha huhamia katika amri za wakubwa na katika makisio ya mambo yatakayokuwa. Kama itakavyoonekana, "kuweza" nalo limo safarini katika njia iyo hiyo iliyopitwa na "may".

Fungu la tatu ndilo lililo la ajabu zaidi, na ndilo linalogusa vihusishi. Kiswahili chaweza kuutia uwezo ndani ya kitenzi chenyewe na kukiacha kitu kiwe ndicho kiima cha sentensi: njia haipitiki, maji hayanyweki, maneno hayasemeki, mtu haambiliki. Steere aliyaandika maumbo hayo pamoja na vitenzi vya namna ya kuvunjika na kufunguka, na E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza wazi kwamba kiungo hicho kimoja kina kazi mbili: ya kwanza ni kutaja hali iliyokwisha kuwa, na ya pili ni kutaja kwamba jambo lawezekana. Kikombe kimevunjika, yaani ki vipande vipande sasa; kikombe chavunjika upesi, yaani ndivyo kilivyoumbwa. Mtendaji hatajwi katika hali zote mbili.

Yafaa kutazama vihusishi vinakwenda wapi katika maumbo hayo. Mwingereza akitaka kusema habari za mahali pasipokaliwa na watu, humbidi kupanga maneno matano au sita: "it cannot be lived in". Uwezo u mbele, kitenzi ki katikati, na kihusishi kimeachwa mwisho bila neno la kukifuata. Mswahili husema "hapakaliki" na kwisha. Kihusishi hakikupotea, kimehamia mwanzoni mwa neno, katika kiambishi cha mahali. Akisema "hapakaliki" ataja mahali maalumu panapoonekana. Akisema "hakuendeki" ataja upande mtu aelekeao. Akisema "hamlaliki" ataja ndani. Yale ambayo Kiingereza huyasema kwa "at", "to" na "in" mwishoni mwa sentensi, Kiswahili huyasema kwa "pa", "ku" na "mu" mwanzoni mwa kitenzi. Na kihusishi kinachohusu mtu badala ya mahali huingizwa tumboni mwa kitenzi. Mtu "haambiliki" ni mtu asiyeweza kuambiwa neno akalisikia, na ile "-li-" iliyomo katikati ni masalio ya kiungo cha kutendea, ambacho ndicho kifanyacho kazi ya kihusishi.

Kiingereza nacho kimejaribu kufanya neno moja la namna hiyo, kwa kiambishi "-able" kilichotoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Lakini kiambishi hicho hakijui la kufanya na kihusishi. Katika karne ya 19 wako waandishi wa Kiingereza waliolichukia neno "reliable", maana yake mtu au kitu cha kutegemewa. Hoja yao ilikuwa kwamba kitenzi chake hutaka kihusishi "on", na kihusishi hicho kimetupwa njiani wakati neno lilipoundwa. Kwa hiyo neno, walidai, limeundwa vibaya. Neno likawashinda, likadumu. Ugomvi huo usingeweza kutokea katika Kiswahili, ambamo mtu "hategemeki" au "hasemezeki" bila kitu chochote kutupwa.

Mpanda ni mji uliokua pamoja na swali la njia. Madini ya risasi yaliyochimbwa huko na kampuni ya Uruwira yalikuwa mazito, nayo bandari ilikuwa mbali. Kwa ajili hiyo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, katika njia kuu ya Tabora na Kigoma, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ikafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo njia ya kutumainiwa wakati wa masika, barabara za udongo zilipojaa maji. Barabara ya kutoka Tabora kupitia Koga ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020. Katika nchi kama hiyo "haipitiki" si neno la mapambo. Humwambia mwenye mgonjwa kwamba asiondoke leo, na humwambia mfanyabiashara kwamba mahindi yake yatalala. Nalo halimlaumu msafiri. Asemaye "siwezi kupita" huenda akadhaniwa mwoga au mvivu. Asemaye "haipitiki" ameiweka sababu katika njia, mahali inapostahili.

Lakini nguvu hiyo ya neno ina hatari yake, kwa kuwa umbo lisilotaja mtendaji laweza kuficha mtendaji ambaye ilipasa atajwe. Historia ya malale katika Tanganyika ya magharibi yalionyesha jambo hilo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na wanyama wa porini kwa wingi. Vita na njaa vikapunguza watu. Vichaka vikasogea mashambani, na mbung'o akafuata vichaka. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi, Ukonongo ikiwamo, ikawahamishia katika makazi makubwa ili ugonjwa upungue. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na maisha yaliokolewa. Hata hivyo sehemu za nchi zilizoachwa wazi kwa namna hiyo huko magharibi baadaye zikawa misitu na hifadhi za wanyama, na kwa mgeni aliyezipitia zilionekana kama nchi ambazo tangu asili hazikaliki.

Hapo ndipo tofauti ya "hawawezi kukaa" na "hapakaliki" inapokuwa kubwa. Sentensi ya kwanza yataka mtu na sababu: ni nani hawezi kukaa, na ni nini kimzuiacho, mbung'o au amri? Sentensi ya pili yaliondoa swali hilo, na kuufanya upungufu kuwa tabia ya ardhi. Wapimbwe na Wakonongo walikaa katika nchi zao vizazi vingi, wakalima, wakawinda, wakavua na kurina asali. Jina la Katavi lenyewe hutajwa na wenyeji kuwa la mzimu wa mtu wa zamani, anayeheshimiwa penye mti wa mkwaju kando ya ziwa la jina hilo, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974. Mahali penye mzimu wa mababu ni mahali palipokaliwa. Kusema "hapakaliki" bila kutaja tangu lini na kwa nani ni kuifuta historia hiyo kwa silabi chache.

Jibu la swali lilikuja kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu kutoka kwao, na serikali ya Tanzania ikawapa ardhi katika misitu ya miyombo iliyokuwa na watu wachache sana. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978, yote mawili katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo. Watu hao walikata miti, wakafungua mashamba, wakafika kujilisha wenyewe na kuuza ziada. Nchi iliyodhaniwa haikaliki ikakalika, kwa sababu walikuwapo watu, zana, na barabara za kuwafikishia mahitaji. Kwa hiyo ule uwezo haukuwa katika ardhi peke yake, wala katika watu peke yao, ila katika vyote viwili vilipokutana.

Pamoja nao ilikuja lugha ya Kirundi, ambayo kitenzi chake cha uwezo ni "gushobora". Kitenzi hicho, kama "kuweza", hubadilika kwa nafsi na kwa wakati, na hufuatwa na kitenzi chenye kiambishi "ku-" au "gu-". Mrundi ajifunzaye Kiswahili basi hakuti ugeni mkubwa: hubadili shina, na mpango wa sentensi humbakia. Ugeni humngoja mbele, katika Kiingereza cha shule na cha ofisi za wakimbizi.

Ugeni huo ni ule ule uliomkabili mtoto wa Kipimbwe au wa Kibende tangu siku za shule za Waingereza. Mtoto aliyezoea "kuweza kwenda" huona vigumu kuamini kwamba ile "ku-" ya pili imetupwa, naye huandika "can to go". Aliyezoea "nitaweza" hutafuta wakati ujao wa "can" asiuone, kwa kuwa haupo. Humbidi kuazima "be able", na mara moja "to" iliyokatazwa hapo mwanzo yarudi na kuwa ya lazima. Akiendelea mbele hukuta kwamba mtu ni "able to", lakini ni "capable of", tena ni "good at". Vihusishi vitatu kwa fikira ambayo kwao ni mtu awezaye, mwenye uwezo na hodari. Tena aliyezoea "daraja halipitiki" huandika kwa Kiingereza kwamba daraja haliwezi kupita, kana kwamba daraja ndilo lililotaka kusafiri. Makosa hayo yamepigiwa mistari myekundu katika madaftari ya vizazi vingi, nayo yamehesabiwa kuwa uzito wa akili. Kumbe kila mojawapo ni sarufi kamili ya lugha moja iliyovaa maneno ya lugha nyingine.

Wageni nao walikosea kwa upande wao. Kiswahili cha mabwana wa mashamba huko Kenya, kilichoitwa Kisetla, kiliua viambishi vya "kuweza" na kusema "hapana weza", kwa kuwa "can" haina viambishi. Mtu aliyetukanwa kwa kosa moja na aliyeamuru kwa kosa lililo kinyume chake walikuwa wakitenda jambo moja, ila cheo ndicho kilichoamua ni kosa la nani lifutwe.

Tangu Kiswahili kiwe lugha ya serikali na ya magazeti, sehemu kubwa ya habari zake hutoka katika Kiingereza, na "kuweza" limebebeshwa mizigo ya "can" na "may" kwa pamoja. Alama yake ya kwanza ni ruhusa. Mswahili wa zamani alibisha "Hodi", akangoja "Karibu". Kama alihitaji ruhusa aliomba ruhusa kwa jina lake. Mwanafunzi wa leo husimama mlangoni na kuuliza "Naweza kuingia?", naye haulizi habari za miguu yake. Alama ya pili ni makisio. Palipokuwapo "huenda ikanyesha" na "yamkini itanyesha", sasa husikika "mvua inaweza kunyesha". Alama ya tatu ni ile ya kusema uwezo mara mbili katika sentensi moja, kama isemwapo "barabara haiwezi kupitika". Hapo kitenzi "kupitika" kina uwezo ndani yake tayari. "Haiwezi" limeongezwa kwa sababu katika Kiingereza kilichotafsiriwa palikuwa na "cannot". Barabara imepewa nguvu za mtu, kisha ikanyang'anywa.

Wakati huo huo matumizi ya zamani yamerudi nyuma bila kufa. Siku hizi kijana akisikia "babu hawezi", huenda akauliza "hawezi nini?" Lakini mgonjwa mahututi bado "hajiwezi", na katika maandishi ya serikali watu maskini na wazee wasio na msaada huitwa "wasiojiweza". Fikira ya nguvu imekimbilia katika kiambishi "-ji-" ikajihifadhi humo. Upande mwingine limezaliwa neno "kuwezesha", na kutoka humo "uwezeshaji", ambalo lilipata heshima ya kuwa jina la sheria mwaka 2004, ya uwezeshaji wa wananchi kiuchumi. Neno hilo lakiri kwamba uwezo hupewa na hupokewa, wala si tabia ya kuzaliwa nayo. Jambo ambalo "can" ya Kiingereza haikuweza kulisema.

Uzito wa mambo haya haukai katika darasa peke yake. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 yamtaka mgeni aombaye uraia awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Kati ya wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2014 wakaanza kupewa hati zao. Kwa watu hao kujua Kiswahili hakukuwa pambo. Na sheria yasema kujua, si kuweza: yapima elimu ya mtu, wala haipimi kama siku hiyo ulimi wake umekuwa mzito kwa hofu mbele ya afisa.

Tena mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika sheria za Kiingereza "may" humpa mwenye mamlaka hiari, na "shall" humfunga kwa wajibu. Maneno hayo mawili yamekwisha pewa tafsiri maalumu. Yatafsiriwapo, "may" mara nyingi huwa "anaweza", na "anaweza" bado lachukua mizigo yake yote ya kale: nguvu, afya, nafasi, ruhusa na makisio. Ikiandikwa kwamba mkurugenzi anaweza kumhamisha mtu kutoka katika eneo la hifadhi, msomaji wa mjini huelewa kwamba amepewa hiari ya kisheria. Mkulima wa kijiji kilicho mpakani mwa hifadhi huenda akaelewa kwamba mkurugenzi ana nguvu za kutosha kufanya hivyo, jambo ambalo alilijua kabla ya sheria kuandikwa. Maneno "ana hiari ya" au "ameruhusiwa" yangeondoa shaka, nayo ni Kiswahili tangu zamani.

Haifuati kutoka katika historia hii kwamba "kuweza" lirudishwe lilikokuwa mwaka 1870. Neno lililokwisha safiri halirudishwi kwa amri, na "may" ya Kiingereza ilipita njia hiyo hiyo bila lugha yake kuharibika. Linalofuata ni kwamba mfasiri na mwalimu wachague kwa kujua. Uwezo ukiwa wa elimu, "kujua" lipo. Ukiwa wa nguvu, "kuweza" lipo, nalo laweza kushika mtendwa bila msaada. Ukiwa wa ruhusa, ruhusa itajwe na mtoaji wake atajwe. Na kizuizi kikiwa katika kitu au mahali, "-ika" ipo pamoja na "pa", "ku" na "mu", mradi asiyetajwa awe hastahili kutajwa kweli. Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Mpanda aanzapo somo la "can" na vihusishi vyake kwa neno "hapakaliki", atakuwa amewapa wanafunzi wake sentensi nzima ya Kiingereza ambayo wanayo tayari nyumbani, imekunjwa katika neno moja. Kazi itakayobaki ni kuikunjua, na kuuliza, kila inapokunjuliwa, ni nani hasa ambaye hawezi kukaa.